Wasomaji Wanauliza: «Mwanangu yuko katika mafunzo ya jeshi na simu yake haipatikani»

Wiki hizi tumepokea barua tatu kutoka Lubumbashi zinazogusa jambo moja, yaani kungoja habari za kijana aliyeingia mafunzo ya awali ya kijeshi. Tumeziweka pamoja, na majina ya waandishi tumeyaficha.

Barua ya kwanza

*Jambo Mama Mshauri. Ninakaa komini ya Katuba. Mtoto wangu wa pili alipata viza ya bahati nasibu ya Marekani miaka mitatu iliyopita, akafikia kwa binti wa dada yangu katika jimbo la Ohio. Mwezi wa tisa alituambia kwamba ameingia jeshi la nchi kavu la huko, na kwamba anapelekwa South Carolina, mahali panapoitwa Fort Jackson. Tangu aondoke amepiga simu mara moja tu, tena si kwangu bali kwa yule binti wa dada yangu, na hata dakika moja haikutimia: alisema amefika, yuko salama, akakata. Sasa wiki ya tano inaisha. Ujumbe ninaomtumia kwa WhatsApp unabaki na alama moja. Baba yake hasemi kitu, lakini halali. Jirani ametuambia kwamba huko wageni hutangulizwa vitani hata kabla ya kumaliza mafunzo. Niamini? Na nifanye nini ili nisikie sauti ya mtoto wangu? — Mama wa Katuba*

Mama mpendwa, nianze na neno la jirani, kwa sababu nadhani ndilo linalowanyima usingizi kuliko ule ukimya wenyewe. Si kweli. Sheria ya Marekani inakataza askari kupangiwa kazi katika nchi ya nje kabla hajamaliza mafunzo ya awali, na sheria hiyo haitofautishi kati ya aliyezaliwa huko na mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kama mwanao. Hata akimaliza Fort Jackson, hatua inayofuata ni shule ya kazi atakayoifanya jeshini, iwe ni ufundi wa magari, upishi, uuguzi au mawasiliano, na shule hiyo nayo huwa ndani ya nchi. Mwambieni baba yake jambo hili leo, kabla ya mengine yote.

Sasa tuje kwenye simu. Kuruta anapofika kambini hapelekwi moja kwa moja kwenye mafunzo. Kwanza hukaa siku kadhaa, na mara nyingine zaidi ya wiki, katika kikosi cha mapokezi, ambako hunyolewa nywele, huchanjwa, hupimwa macho na meno, hupewa sare na hujaza karatasi nyingi. Simu yake huchukuliwa na kufungiwa. Ile alama moja unayoiona kwenye WhatsApp maana yake ni kwamba ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake, kwa sababu simu hiyo imezimwa. Hajakuchoka, wala hajakufungia. Siku atakayorudishiwa simu hata kwa dakika chache, ujumbe wako wa siku thelathini za mwisho utashuka kwa pamoja, kwa kuwa WhatsApp hufuta ule uliokaa zaidi ya hapo bila kufika, na ndiyo sababu ninakuomba uangalie unachomwandikia humo: akikutana na maneno thelathini ya «mbona hujibu, unataka kuniua», dakika zake chache zitaishia kwenye kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Simu ile fupi pia isikutishe. Makuruta hupanga mstari, kila mmoja hupewa muda wa kusema kwamba amefika na anwani yake ni ipi, na sajenti husimama karibu akihimiza. Katika jeshi la Marine, ambalo ni tofauti na lile la mwanao, kuruta husoma maneno aliyoandikiwa na haruhusiwi kuongeza hata salamu. Sauti kavu unayoisimuliwa na binti wa dada yako ni sauti ya mtu aliyeambiwa aharakishe. Kwamba hakukupigia wewe kuna sababu nyepesi: kupiga namba ya Kongo kutoka huko kunataka laini yenye malipo ya nje au intaneti, na katika mstari ule hakuna nafasi ya kutafuta hayo. Alimpigia ndugu anayepatikana kwa namba ya kawaida, na kwa kufanya hivyo alichagua njia ya kukufikia.

Mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu huchukua wiki 10, na hesabu huanza baada ya mapokezi, si siku aliyotoka Ohio. Kwa hiyo, ukiona wiki ya tano inaisha, huenda yeye yuko katika ya nne, wakati ambao makuruta huwa wamemaliza kufundishwa nidhamu, gwaride na huduma ya kwanza, na wanaingia kwenye shabaha. Mbele yake kuna luteka za porini, ambazo siku zake hazina simu kabisa. Baadhi ya platuni huruhusiwa kupiga simu Jumapili kwa muda mfupi, nyingine hunyimwa kwa sababu mmoja wao alikosea na wote wakaadhibiwa. Usilinganishe na mama mwingine ambaye mtoto wake hupiga kila wiki. Vijana wawili wanaweza kuwa kambi moja, jengo la pili tu, na sajenti wao wakawa na kanuni tofauti. Ila kama simu itakuja, uwezekano mkubwa ni Jumapili mchana wa huko. Saa tisa mchana ya South Carolina ni saa tatu usiku Lubumbashi, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa 11, saa za Marekani zinaporudishwa nyuma, ni saa nne usiku. Chaji simu mapema siku hiyo, maana sote tunajua umeme wetu, na uiweke mahali penye mtandao.

Hata hivyo mimi sikushauri ukae ukingojea simu. Njia ya kweli ya makuruta ni barua ya karatasi. Barua hazihesabiwi kuwa zawadi ya mwenendo mwema kama simu; sajenti huzigawa jioni, na kijana ambaye jina lake haliitwi kamwe huumia moyoni. Kutoka Lubumbashi hatuwezi kutegemea posta, kwa hiyo fanyeni hivi: andika kwa mkono wako, kwa Kiswahili chako, piga picha ya kila ukurasa, umtumie binti wa dada yako kwa WhatsApp, naye azichapishe, azitie bahasha na kuziweka posta ya huko. Ndani ya nchi yao barua hufika baada ya siku chache. Anwani anayo yeye, na kama hana basi iko njiani, kwa sababu kuruta hupewa anwani kamili, yenye kombania, batalioni na platuni yake, pale anapotoka mapokezi. Bahasha iwe nyeupe na ya kawaida, bila michoro wala maneno ya mapenzi kwa nje, kwa kuwa kinachomtofautisha kuruta na wenzake humletea kazi za ziada. Msitie pipi, wala dawa, wala chakula cha aina yoyote. Vifurushi hufunguliwa mbele ya sajenti, na kisichoruhusiwa huondolewa.

Nini cha kuandika? Mama wengi huandika jinsi wanavyolia, na ninaelewa kwa nini. Lakini kijana aliye katika wiki ya nne au ya tano amechoka, miguu ina malengelenge, anaamrishwa kwa Kiingereza ambacho si lugha yake ya kwanza wala ya pili, na usiku ndipo anapowaza nyumbani. Mwandikie nyumbani penyewe. Mwambie kama mvua za kwanza zimeshuka, nani ameolewa katika kartye, TP Mazembe imecheza vipi, mdogo wake amefaulu mtihani gani, na kwamba mlipika bukari na sombe mkamtaja mezani. Mwambie baba yake amesema nini, hata kama ni neno moja, na zaidi ya yote baba mwenyewe aandike mistari miwili, kwa kuwa baba asiyesema ndiye ambaye mtoto hujiuliza kama amekasirika. Habari za pesa, za deni na za shamba lenye kesi zingoje. Yeye atajibu kwa karatasi chafu yenye mistari michache. Msipime upendo wake kwa urefu wa karatasi.

Lipo jambo ambalo barua hailiwezi, nalo ni msiba au ugonjwa mkubwa. Hapo mlango ni mmoja: Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao hupokea ujumbe wa dharura wa familia za wanajeshi usiku na mchana. Binti wa dada yako ndiye atakayewapigia, akiwa na jina kamili la kijana, tarehe yake ya kuzaliwa, jeshi alimo na anwani ya kikosi, pamoja na jina na namba ya simu ya hospitali au ya mtu mwenye mamlaka anayeweza kuthibitisha habari. Msalaba Mwekundu huthibitisha kwanza, kisha huupeleka ujumbe kwa kamanda, na kamanda ndiye huamua kama kijana ataruhusiwa kupiga simu au kuondoka. Jambo moja familia zetu hazilitegemei: kwao ndugu wa karibu ni hasa mzazi, mke au mume, mtoto, kaka na dada. Baba mdogo hayumo, isipokuwa ndiye aliyemlea kijana mahali pa mzazi, na hilo lazima lisemwe waziwazi wakati wa kupiga simu. Ninalisema sasa kwa sababu siku ya msiba si siku ya kuanza kujifunza.

Na kama jambo baya litampata yeye? Mama, najua hilo ndilo swali ambalo hukuliandika. Alipokuwa akijiunga alijaza fomu ya dharura, inayojulikana huko kama DD 93, akataja watu wa kuarifiwa na mahali wanapopatikana. Akiumia vibaya au akilazwa kwa hali ya hatari, jeshi lenyewe humtafuta mtu huyo. Katika suala hili ukimya uko upande wako. Binti wa dada yako amwulize katika barua ijayo kama jina lako na namba yako ya Kongo vimo katika fomu ile, na kama havimo, avitie mara atakapopata nafasi, kwa maana fomu hiyo hurekebishwa.

Mwisho wa wiki 10 kuna siku ya familia, na kesho yake sherehe ya kuhitimu. Sherehe za Fort Jackson mara nyingi huonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, kwa hiyo mnaweza kumwona akipita kwenye gwaride mkiwa Katuba, kama mtajiwekea megabaiti za kutosha. Tarehe yenyewe ichukueni kuwa ya kutarajia: kuruta akiumia mguu au akishindwa mtihani wa shabaha anaweza kurudishwa kwenye kombania inayomfuata, akamaliza wiki kadhaa baadaye. Na wale ambao mafunzo yao hukutana na Krismasi husimamishwa, na wengi hupewa likizo ya takribani wiki mbili, wakiwa na simu zao mkononi. Kurudishwa nyuma kunamwuma kijana sana. Likimtokea mwanao jambo hilo, asikusikie wewe ukilaumu.

Barua ya pili

*Jambo Mama. Mimi ni msichana wa Ruashi. Mchumba wangu aliandikishwa FARDC, jeshi la nchi yetu, akapelekwa na wenzake kambi ya Kamina-Base. Mwanzoni aliazima simu ya mtu mara mbili akanipigia, tangu hapo kimya. Nina mimba ya miezi mitano na yeye anaijua. Familia zetu zimeshakutana, sehemu ya mahari imetolewa. Kaka zangu wanataka nipande treni nikamtafute; wengine wanasema ameshapelekwa Kivu. Nimwamini nani? — Binti wa Ruashi*

Binti yangu, treni uiache. Kutoka Lubumbashi kupitia Likasi, Tenke na Bukama hadi Kamina ni safari ya kumchosha hata mtu asiye na mimba, tena kambi ile, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili, ni kubwa na iko mbali na mji. Mtu hafiki langoni akaita jina la kuruta akaletewa. Isitoshe, Kamina si kituo pekee: FARDC hufundisha pia Kitona, Kotakoli na Lukusa ya Kisangani, na kundi linaweza kuhamishwa wakati familia haina habari.

Anzia hapa hapa mjini. Makao makuu ya eneo la 22 la kijeshi yako Lubumbashi, na huko kuna ofisi inayoshughulikia askari na makuruta. Usiende peke yako; nenda na baba au mama wa mchumba wako, kwa sababu mzazi ana haki ya kuuliza ambayo mchumba hana machoni pa ofisi. Chukueni jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, majina ya wazazi wake, tarehe na mahali alipoandikishwa, na namba yake ya jeshi kama aliwahi kuitaja. Ulizeni jambo moja tu: yuko kituo gani? Msiulize anapelekwa wapi baadaye, maana wakati wa vita hakuna ofisa atakayewajibu, na swali hilo laweza kuwafungia mlango. Njia nyingine ni makasisi na wachungaji wa jeshi, kupitia parokia au kanisa lenu. Wao huingia kambini, na mara nyingi salamu wanayobeba hufika.

Kuhusu Kivu, sitakudanganya ili ulale. Mji wa Goma ulitwaliwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari mwaka huo huo, na kijana anayeandikishwa sasa anajua kwamba akimaliza mafunzo anaweza kupangiwa huko. Lakini kupangiwa ni baada ya mafunzo, na mafunzo ya kwetu huhesabiwa kwa miezi. Wale wanaosema ameshakwenda wamesema hivyo kwa sababu hawajui. Mtu anayejua hutaja kituo, kikosi na aliyemwambia.

Mimba yako ndiyo inayonihangaisha zaidi kuliko simu. Habari za mwanajeshi, nzuri au mbaya, hufuata majina yaliyoandikwa kwenye karatasi zake, na leo wewe haumo. Wazee wa pande mbili wakae wakamilishe lililobaki, ili ndoa ya kimila iweze kuandikishwa kwenye komini mara atakapopata ruhusa ya kutoka. Mtoto akizaliwa kabla ya hapo, aandikishwe ndani ya siku 90, na baba amkubali rasmi mbele ya ofisa wa komini pale itakapowezekana. Mwandikie mchumba wako mambo haya kwa utulivu katika ujumbe utakaopitia kwa kasisi, na umwombe akutaje wewe na mtoto popote atakapoulizwa kuhusu familia yake. Sidhani ni aibu kuomba hivyo. Wasichana wengi wa mji huu walinyamaza kwa heshima, na baadaye wakasimama mlango wa ofisi wakiwa na mtoto mgongoni bila karatasi hata moja.

Kliniki ya wajawazito usiikose kwa sababu ya kumngoja.

Barua ya tatu

*Mshauri, salamu. Mtu aliyejiita kapiteni amenipigia akisema kijana wangu, ambaye yuko mafunzoni, amevunjika mguu na lazima nitume dola 150 kwa M-Pesa ili apasuliwe. Alijua jina la mtoto. Nimeuza redio na jenereta ndogo, bado sijatuma. — Baba wa Kamalondo*

Baba, usitume. Kwa sheria ya nchi yetu matibabu ya mwanajeshi ni jukumu la Serikali, na hakuna upasuaji unaongojea pesa za simu kutoka kwa mzazi. Jina la mtoto hupatikana kwa urahisi: vijana hupiga picha siku ya kuondoka, ndugu huziweka Facebook wakiandika jina na kambi, na matapeli husoma humo. Akipiga tena, mwulize namba ya jeshi ya kijana, jina la mama yake mzazi na hospitali alipolazwa, kisha umwambie kwamba wewe mwenyewe utaipigia hospitali. Utasikia akikasirika au akiharakisha. Usimtajie wewe namba ya jeshi ya kijana, hata akisema anataka kuhakikisha tu.

Baadaye nenda eneo la 22 kama nilivyomwelekeza binti wa Ruashi, ukaulize hali ya mwanao na uwaachie namba iliyokupigia. Namba hiyo ipeleke pia kwenye duka la kampuni ya simu ili ifungwe. Waambie na wazazi wengine ambao watoto wao waliondoka pamoja na wako, maana aliyekupigia wewe hakosi orodha, na kati yao yuko mama ambaye kesho atauza cherehani yake. Jenereta, kama aliyeinunua ni jirani, mwombe akurudishie kabla ya jioni.